Ghala ya Unga ya Mtaa

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa mtaa, nayo yamepigwa chapa hapa kwa kuwa wengi waliyaomba.



Kamati ilituomba kusema juu ya njaa, na juu ya shauri la kufungua ghala ya chakula katika mtaa huu. Sisi ni makarani wa mgodi. Kazi yetu ni kuandika tani zilizopita kwenye mizani, majina ya watu walioingia zamu, na masaa waliyotumika. Hatukusoma udaktari, wala hatukai meza moja na wakubwa wa inchi. Lakini mtu anayeandika majina kila asubuhi anaona jambo ambalo wengine hawalioni: anaona jina lililokuwa kwenye orodha mwezi uliopita, na leo halimo. Jioni anarudi nyumbani na kukuta kwamba mwenye jina lile ni jirani yake, ukuta kwa ukuta. Na jirani anajua. Moshi usipotoka uani siku mbili, anajua. Tunazo nyumba hapa ambamo mama anatia sufuria ya maji motoni, hana kitu kingine cha kutia, ili watoto wadhani chakula kinaiva na wapate kulala. Hatutataja majina. Wenyewe mnazijua.

Kwanza tuseme ginsi tulivyofika hapa, maana wako vijana wanaodhani Katanga ilikuwa siku zote inchi ya kuomba unga.

Wakati wa Union Minière mtu wa kazi alipokea mshahara wa franka chache, na pamoja nao posho: unga wa mahindi, nyama au samaki, maharagi, karanga, mafuta ya mawese, chumvi. Kila juma mke wake alikwenda na kikapu, akapimiwa kwa hesabu ya mume na watoto. Mabwana hawakufanya hivyo kwa mapendo. Walipiga hesabu: mtu mwenye njaa hachimbi shaba, na mtu akifia kambini, kumtafuta mwingine mbali na kumfundisha kazi ni gharama kubwa. Walakini unga ulifika. Na unga ule ule ulikuwa kamba. Aliyefukuzwa kazi alipoteza siku moja mshahara, nyumba, na chakula cha watoto wake. Wakati wa vita bei za vitu zilipanda, watu wa kazi wakaomba kuongezwa mshahara, wakakusanyika katika uwanja wa mpira wa Élisabethville, ndio mji wa Lubumbashi wa leo. Ilikuwa tarehe 9 Desemba 1941. Askari wakapiga risasi, na makumi ya watu wakafa. Watu wale walikuwa wanakula posho. Posho haikuwapa ruhusa ya kusema.

Mwaka 1967 mali ya kampuni ikawa ya Serikali, kiisha ikaitwa Gécamines, na desturi ya unga ikaendelea. Baba zetu walisema kwamba kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaanguka ndani. Mwaka 1991 askari wakapora miji. Mwaka 1994 shaba haikufika hata tani 40,000. Mishahara ikachelewa mwezi, kiisha miezi, kiisha miaka. Mwaka 2003 watu wa kazi zaidi ya 10,000 wakaondoshwa kwa mpango ulioitwa « kuondoka kwa hiari », ambao hiari yake kila mzee aliyekaa hapa anaijua. Wakapewa fedha mara moja, basi. Profesa Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alitoa mwaka 2001 kitabu juu ya jamaa za watu wa kazi wa Katanga, na jina lake tukiligeuza kwa lugha yetu ni « Wana wa Shaba waliotupwa na baba yao ». Mkitaka kujua sababu ya babu wa mtaa huu kukaa mlangoni kutwa akitazama barabara, someni jina lile tu.

Sasa tazameni hesabu mbili. Mwaka 2023 inchi yetu ilitoa tani zaidi ya milioni mbili na nusu za shaba, yaani zaidi ya mara tano ya ile ya Gécamines ya mwaka 1986. Na mwezi wa Machi 2025 mashirika ya Umoja wa Mataifa yanayoangalia chakula, FAO na PAM, yakatangaza kwamba watu karibu milioni 28 katika Kongo wako katika njaa kali. Hesabu hizi mbili ni za inchi moja. Karani akileta mbele ya mkubwa wake kitabu chenye hesabu mbili namna hii, angeulizwa: zilizobaki zimekwenda wapi?

Mtasema mamilioni katika hao milioni 28 wako mashariki, ambako vita imewaondosha watu mashambani. Ni kweli. Hapa kwetu hatusikii bunduki. Lakini sisi watu wa bukari tunakula mahindi tusiyolima. Mahindi yetu mengi yanatoka Zambia kwa njia ya Kasumbalesa, na siku wakubwa wa Zambia wakifunga mpaka, mama wa soko la Kenya anajua kabla ya redio. Mwaka 2024 mvua ilikataa kwao, na tarehe 29 Februari rais wao, Hichilema, akatangaza kwamba ukame ule ni balaa la inchi nzima. Tuwalaumu Wazambia kwa kulisha watoto wao kwanza? Sisi tunayo ardhi kutoka hapa mpaka Kaniama na mpaka Gandajika. Mwaka 2014 wakubwa walifungua shamba kubwa la mashine kule Bukanga Lonzo, mbali nasi, ili kulisha mji wa Kinshasa na inchi. Mwaka 2017 kazi ikasimama, na mwaka 2025 Korti ya Katiba ikamhukumu waziri mkuu wa zamani kwa sababu ya fedha za shamba lile. Hukumu haiivi katika sufuria, lakini imeandikwa.

Tena njaa ya hapa ina kalenda yake. Mahindi yanapandwa mvua inapoanza, mwezi wa Novemba, na kuvunwa mwezi wa Aprili na wa Mei. Kwa hiyo sasa, katika kipwa, mfuko una bei ya chini. Ukifika Januari na Februari, unga wa mwaka uliopita umekwisha, wa mwaka mpya ungali shambani, tena ni miezi ya kulipa shule na ya malaria. Mtu anayetumika kwa siku chini ya kampuni ndogo, ambaye mkataba wake unakwisha Ijumaa na Jumatatu jina lake halimo, huyo Februari inamkuta uchi. Hana akiba ya kununua mfuko. Ananunua meka moja moja, na anayenunua meka analipa kilo kwa bei kubwa kuliko anayenunua mfuko mzima. Maskini ndiye anayekula unga wa bei kali. Jambo hili peke yake lingetosha kufungua ghala.

Shauri lenyewe si geni duniani. Msifikiri kwamba njaa ya mjini ni ya watu weusi tu. Mwaka 1967 kule Marekani, katika mji wa Phoenix, mtu mmoja jina lake John van Hengel, aliyekuwa akitumika bure katika jiko la kulisha maskini, alisikia kwa mama mmoja kwamba analisha watoto kwa chakula kilichotupwa nyuma ya maduka. Akafungua ghala mahali watu wanapoweka chakula kilichozidi na wengine wakakitoa, akaiita benki ya chakula. Ufaransa ilifungua benki kama ile ya kwanza mwaka 1984, na mwaka wa pili yake Coluche, aliyekuwa mchekeshaji, akaanzisha zile « Restos du Cœur » ambazo zingali zinalisha watu kila mwaka wakati wa baridi. Hizi ni inchi zenye mashine za kuvuna na barabara za lami. Lakini kwao ghala inakula mabaki ya maduka makubwa. Hapa mabaki hayapo. Hapa mama wa soko anakung'uta mfuko mpaka mavumbi yake. Basi ghala yetu haitakuwa ya mabaki, itakuwa ya kilo.

Tulikaa tukapiga hesabu, nayo ni hii. Tuseme nyumba ya watu sita, wakubwa wawili na watoto wanne, inakula kilo mbili za unga kwa siku. Juma moja ni kilo 14. Kwa hiyo nyumba 14, kila moja ikitoa kilo moja kila juma, zinaibeba nyumba moja nzima. Nyumba 280 zinabeba nyumba 20. Kilo moja kwa juma, wandugu, ni kama vikombe vichache vinavyotolewa katika unga wa siku saba kabla ya kusonga. Asiye na kilo alete nusu. Asiye na nusu alete mikono, maana mahindi yanapaswa kuchambuliwa na kupelekwa kwenye mashine. Ninyi mama mnaijua likelemba: kila mmoja anatia, na mmoja anapokea. Hii ni likelemba ambayo zamu yake haipangwi kwa majina, inapangwa na shida.

Tumesikia maneno mawili ya kupinga, na waliosema si watu wabaya.

La kwanza: unga wa bure unafanya watu wavivu. Wandugu, sisi tunaandika masaa ya watu. Mtu anayeamka saa tisa ya usiku kungoja lori la kazi, akaambiwa saa kumi na mbili kwamba leo watu wamejaa, akarudi kwa miguu, huyo mtamwita mvivu? Mvivu tunaye, tunamjua, hata ghala isipofunguliwa ataendelea kuwa mvivu. Lakini mtoto wake hakuchagua baba.

La pili ni zito zaidi, nasi hatulidharau. Linasema: hii ni kazi ya Serikali na ya kampuni, tukiwalisha maskini wenyewe, wakubwa watalala usingizi mzuri zaidi. Ni kweli kwamba ni kazi yao. Shaba ikitoka, barabara ya shambani, mbegu na mshahara wa haki ni deni, na karatasi hii haitachoka kulidai. Lakini tuangalie mambo ya 1941. Mtu anayekula kwa mkono wa anayemdai hawezi kudai kwa muda mrefu. Siku ya tatu mtoto akilia, yeye mwenyewe atarudi kazini na kichwa chini. Watu wanaojilisha juma mbili wanaweza kusimama juma mbili. Posho ya zamani ilitoka juu, na aliye juu alikuwa na ruhusa ya kuikata. Ghala hii itatoka kwetu, na hakuna wa kuikata isipokuwa sisi wenyewe kwa wizi na magomvi yetu.

Tuingie sasa katika wizi na magomvi, maana humo ndimo mashauri mazuri ya inchi hii yanamofia.

Tunaomba mlango uwe na kufuli tatu. Ufunguo mmoja ashike mama mmoja wa soko, wa pili mzee wa mtaa, wa tatu kijana mtakayemchagua. Sisi makarani tutashika kitabu, funguo hatutaki. Anayeandika na anayefungua wakiwa mtu mmoja, shetani anakuwa wa pili. Kitabu kitakuwa na mistari miwili: kilo zilizoingia, kilo zilizotoka, na kila Jumapili hesabu itasomwa kwa sauti, na yeyote atakuwa na ruhusa ya kuingia na kupima mifuko. Lakini majina ya waliopokea hayatasomwa kamwe, wala hayatabandikwa ukutani. Wako baba hapa waliokuwa kapita, waliokuwa walimu, ambao wangekubali kufa kuliko kuonekana katika mstari na bakuli mkononi. Kwa hiyo hatutaki mstari. Mama wawili wa kila barabara watapeleka jioni, katika kikapu kilichofunikwa, kama vile mtu anavyompelekea dada yake mboga. Jirani atauliza? Aulize. Atajibiwa ni mboga.

Juu ya kutunza chakula, sikilizeni vizuri, maana hapa huruma haitoshi. Tununue mahindi ya punje, si unga. Punje kavu zinakaa miezi. Unga unaharibika upesi na kuingia wadudu. Mahindi yawe makavu kweli: uma punje kwa jino, ikivunjika kwa sauti ni kavu, ikibonyea irudi juani. Mahindi yaliyowekwa na maji yanaota ukungu, na ukungu ule una sumu inayoharibu ini polepole, tena haiondoki kwa kupika. Ya ukungu yatupwe, hata kama roho inauma, wala yasipewe maskini kwa kusema kwamba yeye hachagui. Mifuko isikae sakafuni wala isiguse ukuta. Ya kwanza kuingia iwe ya kwanza kutoka. Karani yeyote wa magazini anajua hayo, na panya pia anajua pale yasipofuatwa.

Tena bukari tupu si chakula. Mtoto anayekula bukari siku zote bila kitu cha kujenga mwili anavimba miguu, nywele zinageuka rangi, na watu wanasema amenenepa au amerogwa. Hakurogwa. Kwa hiyo pamoja na mahindi tutafute maharagi, karanga na kapenta kavu. Mtoto aliyekwisha kuvimba asingoje ghala. Apelekwe upesi kwa munganga, kwenye sentre ya afya, maana anahitaji chakula cha dawa, na kumlisha ovyo kunaweza kumwua. Na juu ya maharagi, mama mmoja alituambia neno ambalo hatukulisoma katika shule yoyote ya mapadri: ukimpa mtu maharagi bila makala, umempa mawe. Ni kweli kabisa. Maharagi yanamaliza makala ya siku mbili. Kwa hiyo yalowekwe usiku kucha kabla ya kupelekwa, na kila kikapu cha maharagi kiende na makopo ya makala. Tumeliandika katika kitabu kama neno la mama yule, ingawa jina lake hakutaka.

Linabaki jambo moja ambalo kamati ilitaka tulipite haraka, nasi hatutalipita haraka.

Nani atapewa? Tunasema: mwenye njaa anayekaa katika mtaa. Hataulizwa kabila lake. Wazee mnakumbuka Likasi mwaka 1992 na Kolwezi mwaka 1993, watu wa Kasai walipofukuzwa katika nyumba zao, wakalala kwenye lagare pamoja na watoto miezi na miezi wakingoja treni, na wengi wakafa pale. Wengi wao walizaliwa hapa. Baba zao walichimba shaba ile ile, wakala posho ile ile katika kikapu kile kile. Siku zile wako watu wa Katanga waliopeleka chakula usiku kwa siri, wakiogopa wenzao. Mtu asipeleke tena chakula kwa kuogopa. Kama ghala hii itauliza, « Wewe ni mtu wa wapi? », basi sisi tutarudisha kitabu siku ile ile, mtafute karani mwingine.

Wala hataulizwa karata ya chama. Tunajua kwamba tunasema hayo mbele ya watu wa chama na katika karatasi ya chama. Tumeona wakati wa uchaguzi, mwaka 2018 na mwaka 2023, mifuko ya mchele na vikwembe vyenye sura ya mtu vikigawanywa kutoka juu ya gari, na mama zetu wakisukumana katika mavumbi. Kiisha magari yakaenda, na mchele ukaliwa siku tatu. Chama kinachotaka watu huru hakiwezi kuwanunua kwa kilo. Rangi yetu isiwekwe mlangoni pa ghala. Anayetupinga akiwa na njaa, apelekewe kikapu kama wengine, na kesho yake aje kutupinga vizuri, ameshiba.

Sasa kazi. Mfanya biashara mmoja ametupa chumba kimoja bila malipo mpaka mvua za mwisho. Tunahitaji mizani, yule mwenye ya zamani ya kupimia kapenta ameahidi kuileta, nasi tutaijaribu mbele yenu kwa jiwe la kilo tano lililopimwa kazini. Kilo za kwanza zitapokewa Jumapili ijayo baada ya misa na baada ya kusanyiko la Waprotestanti, ili pasiwe na wa kusema alikosa nafasi. Vijana wanne wanatakiwa kwenda kununua mahindi kwa wakulima wenyewe kabla bei haijapanda. Na yeyote aliye na mbao za kuinulia mifuko, hata zilizotumika, aseme leo kabla ya kutoka, maana sakafu ya chumba kile ni ya udongo na mchwa wamekwisha kuanza upande wa dirisha.